Godoro la Nusu kwa Nusu

Hakuna nyumba katika safu yetu hapa Maringo ambayo mimi sijui kitanda chake kinalia vipi na kinalia kwa nini. Najivunia hilo. Cha kwangu mwenyewe kilivunjika mguu mwaka jana, nikakaa wiki nzima nikiilaumu sakafu ya kanjo, baraza la jiji lenye nyumba hizi, kwamba imetitia. Kwa hiyo habari za vitanda vya watu niaminini. Za changu msiniulize.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi inapita chini ya mlango bila kubisha hodi, na zamu ya malazi ilikuwa imemfikia Selpher.

Chama chetu cha kina mama hakigawi pesa. Pesa mkononi ina masikio. Ikisikia mume anadaiwa, inaondoka. Sisi hununua malazi, godoro na blanketi la sufu. Mwenye zamu huenda kuchagua pamoja na mumewe, na Jumapili baada ya kanisa chama kizima kinafika kwake kutandika. Tunaingia hadi chumbani. Tunatoa godoro kuukuu, tunaweka jipya, mume na mke wanakaa juu yake pamoja, mwenyekiti anaomba, kisha chai. Mpaka tufike, godoro halilaliwi. Linakaa na nailoni yake kama bibi harusi na shela.

Na kuna sheria: kitanda cha watu wawili kilaliwe na watu wawili. Asiyelala na mume anapewa godoro la mtu mmoja.

Sheria hiyo haikuteremka kutoka mbinguni. Aliileta Selpher mwenyewe, muuza mandazi, mwenye mkono wa ukarimu na mdomo usio na breki, zamu ilipokuwa ya Mbeti. Mume wa Mbeti alikuwa amehamia mtaa wa Umoja kwa mwanamke mwingine, na Mbeti aliomba godoro pana kama wenzake. Selpher alisimama mkutanoni, akakaza leso kiunoni, akauliza, "La upana huo la nini, alalie mawazo?" Tukacheka. Mimi chai ilinitokea puani. Mbeti akanunuliwa jembamba, akasema tusijisumbue kuja kutandika, akalibeba kichwani mwenyewe kutoka Jogoo Road hadi kwake. Hakutoka chamani. Alizidi tu kulipa mchango wake mapema kuliko sisi wote.

Ambalo chama hakikujua ni kwamba Mukhwana, mume wa Selpher, hakuwa amelala kitandani tangu mvua za Aprili za mwaka jana.

Hawakuwa wamegombana. Heri wangegombana, maana ugomvi una mwisho. Mukhwana ni kibarua wa kushusha mizigo kwenye maghala ya kule viwandani, na siku moja gunia la unga lilimwangukia kiunoni. Godoro lao lilikuwa limebonyea katikati kama karai. Mukhwana akashindwa kulala humo, akatandika mkeka sebuleni, "siku mbili tu, mgongo utulie." Mgongo ulitulia. Yeye akabaki. Alikuwa anangoja aambiwe arudi. Selpher naye alikuwa anangoja aone kama mtu aliyetoka bila kufukuzwa hawezi kurudi bila kuitwa. Kila mmoja akangoja mwenzake aongeze kuni, na moto si mjinga, ukazima. Alfajiri Mukhwana aliukunja mkeka na kuuficha nyuma ya kochi. Binti yao Ayuma alikuwa ameolewa Webuye, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na wa kuona.

"Zamu ni yetu," Selpher alisema jioni moja akimpakulia ugali na sukuma. "Wanakuja Jumapili ya wiki ijayo."

Mukhwana aliacha kutafuna. "Wanafika mpaka wapi?"

"Unajua wanafika mpaka wapi."

"Waambie kiuno kinaniuma, tuahirishe."

"Kiuno ndicho kitawatandikia? Baba Ayuma, wakijua, nitapewa jembamba. Mbele ya Mbeti. Nitapita nalo hapo kwenye bomba la maji, kila mwenye mtungi akinisindikiza na macho." Alimwekea kipande kingine cha ugali bila kuulizwa. "Na jembamba likishaingia kitandani, wewe hapo kwenye mkeka ndipo utazeekea. Hutakuwa na pako tena."

Hayo ya mwisho aliyasema akiangalia sufuria. Mukhwana aliyasikia. Alitafuna tonge moja mpaka likaisha ladha.

"Laini mimi siwezi," alisema mwishowe. "Kama ni godoro, nataka gumu."

"Gumu nalionja mchana kutwa. Usiku nataka laini."

"Laini ndiyo iliyonitoa mle."

"Kumbe ni godoro lililokutoa," Selpher alisema. "Mimi nilidhani ulitoka kwa miguu."


Duka la Abukar liko Eastleigh, chini kabisa ya jengo la maduka, magodoro yamepangwa mpaka darini hata taa inapata shida kushuka. Abukar ana ndevu za hina na subira ya mtu aliyeona ndoa nyingi zikiingia mlangoni mwake. Walipomweleza, huyu gumu, huyu laini, hakushangaa.

"Godoro haliulizwi kwa mkono, linaulizwa kwa mgongo," alisema. "Vueni viatu mlale."

"Hapa?" Selpher aliuliza.

"Mama, hapo ulipo amelala askofu na mkewe."

Palikuwa na wateja wengine, mmoja wao mama mnene aliyekuwa anakula sambusa na hakuonekana ana haraka. Selpher akavua viatu. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Akakikunja kidole ndani, akatembea hatua zile kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mukhwana akavua vyake, akavipanga vizuri mno, akavipanga tena.

Walianza na laini. Mukhwana akazama. "Nitoeni humu," alisema, na yule mama wa sambusa akacheka peke yake. Wakahamia gumu. Selpher akapiga kiwiko mara moja kusikia sauti. "Hii ni meza ya mwalimu."

"Hii ndiyo dawa," Mukhwana alisema.

Wakalala hapo wakitazama dari, mikono ubavuni, kama watu wanaosubiri kupimwa jeneza. Tangu Aprili ile hawakuwa wamelaza migongo mahali pamoja. Baada ya muda mkono wa Mukhwana ukagusa wa Selpher, ukakaa.

"Usinisogelee hivyo, watu wanaona," Selpher alinong'ona.

"Sijasogea. Ni godoro linaviringisha."

"Gumu haliviringishi mtu, Baba Ayuma."

Mukhwana hakuutoa mkono. Ni Selpher aliyeinuka kwanza akitafuta kiatu, shingo imepata joto.

Abukar alikuwa amekwisha kuona alichotaka kuona. "Nina fundi hapo nyuma," alisema. "Anakata nusu gumu, nusu laini, kwa urefu wake. Anaziunganisha, tunavalisha kava moja. Mzee upande wake, mama upande wake, kitanda kimoja. Mkifika nyumbani mkiona pande zimekaa vibaya, mnaligeuza tu, palipokuwa kichwani pawe miguuni."

"Na katikati?" Mukhwana aliuliza.

"Katikati kuna uzi. Mkigombana, uzi ni uzi, unakatika." Abukar akacheka. Mwenye duka hucheka wa kwanza ili wateja wafuate, hawa hawakufuata.

Lakini waliafikiana. Ikabaki blanketi, na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika.

Abukar alishusha la sufu, jekundu lenye mistari meusi pembeni, zito. Selpher akaingiza uso wake ndani akavuta harufu. Mukhwana akarudi nyuma mpaka akagonga rafu.

"Hilo hapana."

"Lina nini?"

"Hilo ni la mama mkwe."

Abukar akamtazama Selpher ili amtafsirie, ingawa maneno yalikuwa Kiswahili kitupu. Siku Mukhwana alipopeleka mahari Kimilili, alimvisha mama yake Selpher blanketi kama hilo mabegani, mbele ya wazee, kama tunavyofanya sisi watu wa magharibi. Baba mkwe koti, mama mkwe blanketi. Na kwetu mtu hamkaribii mama mkwe hovyo. Haketi alipoketi, hashiki alichojifunika. Mukhwana alikuwa ameipeleka heshima hiyo mbali kidogo kuliko mila ilivyomtuma. Kila blanketi la sufu jekundu aliloliona tangu siku ile lilikuwa mkwewe.

"Nikijifunika hilo nitalala vipi?" alisema. "Ni kama ameketi hapo miguuni ananiangalia."

"Mama yangu hayumo humu ndani. Humu ni kondoo tu."

"Tuchukue yale mepesi ya manyoya ya kiwandani."

"Yale yananitoa jasho, halafu jasho linapoa juu yangu. Mwaka mzima nalala peke yangu, Baba Ayuma, najua baridi inaingilia wapi."

Sauti ilimponyoka. Mama wa sambusa aliacha kutafuna, sambusa ikabaki angani. Hata Abukar aligeuka akaanza kunyoosha foronya ambazo hazikuwa na mkunjo. Selpher akashika pembe ya blanketi akaikunja, akaikunjua, macho yanamchoma. Ungempa nafasi angeingia chini ya rundo lile la magodoro akae huko.

Mukhwana alitazama miguu yake. "Basi yawe mawili," alisema polepole. "Lako na langu."

"Chama hununua moja. Mawili ni nyumba mbili."

Kisha Mukhwana alisogea, akaligusa blanketi kwa vidole viwili kama mtu anayepima pasi ikiwa imepata moto. Halikumfanya kitu. Akaligusa tena kwa kiganja.

"Lipo la rangi nyingine?" alimuuliza Abukar. "Lisiwe jekundu tu."

Lilikuwepo la kijivu. Na fundi alipodai pesa za kushonea, ambazo hazikuwa kwenye hesabu ya chama, Mukhwana alitoa mfukoni zile alizokuwa ameweka za viatu vya kazi, akalipa kabla Selpher hajafungua kipochi. Selpher aliona. Hakusema asante. Alisema, "Twende, mandazi hayajikaangi," lakini alilibeba lile blanketi kifuani njia nzima na hakukubali liwekwe kwenye mkokoteni pamoja na godoro.


Jumamosi jioni godoro lilikuwa limesimama sebuleni ndani ya nailoni, limeegemea kochi, limekula nusu ya chumba. Iliwabidi wapite kwa ubavu. Wakaketi kupanga uongo wao kama watu wanaopanga harusi.

"Mto wako nimeurudisha kitandani," Selpher alisema.

"Koti langu?"

"Koti liondoe kwenye mkeka, litundike."

"Nitalitundika."

"Wakiuliza mgongo?"

"Umepona."

"Wakiuliza blanketi?"

"Tulichagua pamoja."

"Hiyo ni kweli," Selpher alisema, na wote wawili wakashangaa kidogo kukuta kweli katikati ya vitu vile. "Na mkeka wenyewe?"

Walifikiria chini ya kitanda. Kina mama wataangalia chini ya kitanda. Walifikiria kwa jirani, jirani atauliza. Mukhwana alisema nyuma ya kochi umekaa zaidi ya mwaka na hakuna aliyeuona, uendelee kukaa.

Selpher aliinamisha kichwa akachambua uzi kwenye leso yake. "Kesho wakishaondoka," alisema, "huo mkeka utakuwa na kazi gani?"

Mukhwana alikuna nailoni ya godoro kwa ukucha. Ningekuwa mimi ningemfinya.

"Wa kuanikia mahindi," alisema.

"Maringo hii una mahindi wapi?"

"Basi hauna kazi."

Selpher akaenda kuosha vyombo, na majirani wa ukuta wa pili wanasema walimsikia akiimba wimbo wa kwaya, ubeti uleule, kwa sababu wa pili haujui.


Jumapili tulifika na nguo zetu za kanisani. Mwenyekiti wetu, Kezia, alitangulia, mwanamke mrefu anayeingia mlango wowote kana kwamba yeye ndiye aliyeujenga. Mbeti alikuja wa mwisho, na sahani ya mahamri iliyofunikwa kitambaa. Mukhwana alikuwa mlangoni na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Karibuni, karibuni kina mama."

"Shemeji umependeza," Mbeti alisema. "Umelala vizuri?"

"Vizuri sana."

"Mungu ni mwema."

Tukajaa. Wengine chumbani, wengine sebuleni, wengine vichwa tu ndani. Tulilitoa godoro kuukuu. Kila mtu aliliona lile karai la katikati, na kila mtu aliona kwamba bonde lilikuwa moja, la mtu mmoja, limehama kutoka katikati kwenda upande wa nje. Nilimwona Mbeti akiliangalia. Kisha akachukua mito kuikung'uta. Mmoja ulikuwa umelala bapa kama chapati. Wa pili ulikuwa umevimba, mpya kama siku uliponunuliwa.

"Mto wa shemeji una afya," alisema.

"Halalii mto," Selpher alijibu haraka. "Daktari alimkataza, kwa sababu ya mgongo."

"Si umepona?"

"Umepona kwa sababu halalii mto."

Kezia akakohoa. "Tulete godoro, jamani, chai inapoa."

Wanne wakalishika kule sebuleni, wakalivua nailoni, Mbeti mbele. Alipofika mlango wa chumba akasimama, mgongo kwenye fremu, godoro limembana kifuani.

"Ngojeni," alisema. "Upande mmoja unabonyea, mwingine haubonyei. Hili si la nusu kwa nusu? Chumba ni kidogo, likishaingia halitageuka. Upande mgumu uende ukutani, au uje huku nje?"

Walikuwa wamefikiria mto. Walikuwa wamefikiria koti, mgongo, blanketi, chini ya kitanda. Hilo hawakuwa wamelifikiria.

"Nje," Mukhwana alisema.

"Ukutani," Selpher alisema.

Walisema pamoja, kama watoto wanaoitikia mwalimu. Na hakuna aliyekosea. Mwanamume hulala nje, upande wa mlango, mwizi akija amkute yeye kwanza; ndivyo Mukhwana alivyolala tangu waoane, na ndivyo alivyokumbuka. Selpher naye tangu aachwe peke yake alihamia nje, apate kuamka kukanda unga bila kuruka kitu. Sasa nje ndiyo kwake, ukuta ukabaki wa mwingine. Kila mmoja alitaja kitanda anachokijua. Ila vilikuwa vitanda viwili.

Nilisikia birika likichemka jikoni na sikutaka kwenda kulitoa.

Selpher alifungua mdomo usitoe kitu, ule mdomo ambao tangu niufahamu haujawahi kukosa neno. Alimtazama Mbeti, na Mbeti alimtazama, godoro likiwa katikati yao. Naamini walikuwa wanasikia kicheko kimoja, kile cha siku ile ya mawazo.

Ni Mukhwana aliyesogea. Alikuja akasimama kando ya mkewe, karibu mpaka mabega yakagusana mbele ya wanawake wote, kitu ambacho wanaume wa kwetu hawafanyi hata kwenye picha.

"Tunabadilishana," alisema. "Usiku mmoja huyu ukutani, usiku mwingine mimi. Nyumba ina furaha, kina mama, msituone hivi."

Mtu alicheka, na mwingine akafuata. Kezia akashusha pumzi, na mimi nikashusha zangu, kwa maana ulikuwa uongo mzuri, umekatwa vizuri, umebaki kushonwa tu.

"Basi leo liwe kama mwenye nyumba alivyosema," Kezia akaamua. "Gumu nje. Lirudisheni sebuleni mligeuze."

"Kochi linazuia," mmoja alisema.

"Lisukumeni."

"Acha nisaidie," Mukhwana alisema, tena kwa haraka, lakini kati yake na kochi kulikuwa na wanawake saba na godoro. Mbeti alikuwa amekwisha kuinama. Akalisukuma kochi kwa nyonga.

Nyuma ya kochi kitu kikateleza ukutani, kikaanguka, kikajikunjua chenyewe taratibu hadi kwenye viatu vyetu vya kanisani. Mkeka. Katikati ulikuwa umechakaa kwa urefu wa mtu mmoja. Na kichwani mwake koti la kazi, ambalo lilikuwa litundikwe, limekunjwa mto, na kichwa cha Mukhwana kimeacha shimo lake humo tangu asubuhi.

Mbeti hakucheka. Alichuchumaa, akaunyoosha ukingo wa mkeka kwa kiganja kama anayetandikia mgeni, kisha akainua macho.

"Na huyu, shemeji," aliuliza kwa upole, "zamu yake huwa usiku upi?"